Zamu ya Mlangoni

Nesi wa dirisha la dawa alikuwa anashusha pazia Kadogo alipofika mbele. Tangu saa tisa alikuwa kwenye foleni, na sasa jua lilikuwa linazama. Miguu imekufa ganzi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, lakini jioni ile ungempa arobaini.

"Za kaka?" nesi aliuliza.

"Za kaka."

"Anakula?"

"Leo siku ya tatu hajagusa kitu. Dawa nazo anazitema."

Nesi aliacha kufunga bahasha ya vidonge. "Akilala tena na tumbo tupu, kesho mtamleta amebebwa. Na mwili ule sijui kama utarudi. Hebu niambie, mwanangu. Nyumbani mnaongeaje naye?"

"Kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

Kadogo alichukua bahasha, akashukuru, akaondoka.

Kawaida ya kwao ilikuwa hivi. Kaka yake alikuwa fundi saa, mtu wa mikono mitulivu, mpaka alipoanza kusikia watu wasioonekana wakimsema. Mama, aliyekuwa dobi, alimpeleka kwa mganga. Mganga hakutoa hirizi wala mizizi. Alitoa zamu. Kila jioni giza likianza kuingia, kila mtu wa nyumba asimame mlangoni kwa mgonjwa, amkaripie shetani aliyemo ndani yake. Wasimtaje mgonjwa kwa jina. Wasimwonee huruma, maana shetani akidekezwa hujenga makao.

Basi Mama alianza, Mjomba akafuata, Kadogo akamalizia. Wakimaliza wanakula. Miaka miwili sasa. Kadogo aliacha shule kidato cha pili ili apige pasi nguo za watu na kumwangalia mgonjwa, na ile zamu ikawa kazi kama kazi nyingine. Kukunja mashuka, kumwaga majivu ya pasi, kumtukana kaka.

Alipita uchochoro wa nyuma ya nyumba kwa sababu ni mfupi. Dirisha la kaka lilikuwa limefungwa. Alikuwa hatua tatu kutoka pale aliposikia mtu anasema ndani.

"Mzigo wewe. Mzigo usio na mwenyewe."

Akasimama.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Sauti yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo wa koo ulioletwa na moshi wa mkaa. Ilisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha.

"Ningekuwa darasani mimi. Kila nikikunja shati la mtu nakuombea ufe..."

Bahasha ilimlowa jasho mkononi. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu. Aliyawaza mara moja tu, siku ya mvua, ameinama juu ya meza ya pasi. Aliyawaza na kuyameza.

Alizunguka mbio hadi mlango wa mbele. Mama alikuwa ananyunyizia nguo maji kwa vidole. Alimtazama, akatazama korido, akamtazama tena.

"Wewe umetoka saa ngapi? Si ndiyo uko kule, leo umetutangulia zamu?"

"Mama, ndiyo kwanza naingia."

"Usitufanye watoto," Mjomba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Leo umekaripia kweli. Hata mimi nimeogopa, na niliishi na mke miaka ishirini."

Kadogo aliwaonyesha bahasha. Aliwaonyesha viatu vilivyojaa vumbi la barabara. Mkono wa Mama ukabaki hewani, maji yakidondoka.

"Hapa mlangoni nimekaa tangu saa kumi," Mama alisema polepole. "Hajapita mtu."

Mjomba akainuka kitini.

Korido ilinuka sabuni na nguo mbichi, kama siku zote. Lakini karibu na mlango wa kaka harufu ilikatika. Hapakuwa na sabuni, wala jasho, wala vumbi. Hapakunuka kitu chochote, na hilo ndilo lililomsimamisha nywele. Sauti ilikuwa imenyamaza.

"Kaka," alinong'ona.

Akagonga kwa ukucha.

"Kaka, nimekuletea dawa."

"Umekuja mara ngapi leo?" Sauti ya kaka ilikuwa chini, karibu na sakafu. Sauti ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa.

"Hii ni ya kwanza."

"Hata yule husema hivyo."

"Yule nani?"

"Wa mchana. Nyinyi mnakuja jioni, mnasema yenu, mnaenda kula. Wao hubaki. Yuko wa Mama. Yuko wa Mjomba. Wa kwako ndiye mbaya zaidi." Alipumua. "Wananiambia nisile. Eti nitawamalizia nyinyi chakula."

Kadogo aliweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa wa baridi.

"Nifungulie."

"Nitajuaje kama ni wewe?"

Alifungua mdomo, na kilichokuja ulimini kilikuwa kile kile cha kila jioni. Toka humo, mlaaniwa. Akakirudisha. Alijaribu kutafuta neno jingine, akakuta hana. Miaka miwili mdomo wake haukuwa umemwambia mtu huyu jambo jema hata moja. Akakaa chini, mgongo ukutani.

"Nimechoka, kaka," alisema. "Nimesimama foleni tangu saa tisa. Miguu inawaka moto. Ila sikukuchukia kule kwenye foleni. Nilikuwa naogopa tu dirisha lisije likafungwa."

Akausogelea mlango.

"Na yale... ya kukuombea ufe. Niliyawaza kweli. Siku moja. Nisamehe."

Kisha akafanya kile walichokatazwa. Alimwita kwa jina lake.

Akalirudia.

Komeo la ndani likasogea.

Kaka alisimama pale, mifupa na shati, ametumbua macho. "Yule hajawahi kuniita jina," alisema. "Halijui."

Kadogo akamshika mkono, akamwongoza hadi sebuleni, polepole, kama wanavyoshikwa watoto wanaojifunza kutembea. Mama aliinuka. Akammiminia mwanawe chai na kumkatia mkate. Kaka alikaa kwenye kigoda. Alikinusa kile kipande, akakiuma. Akatafuna kwa muda mrefu. Akameza. Kadogo akampa kidonge, nacho akakimeza.

Ndipo waliposikia.

Kutoka chumbani. Chumba kitupu, mlango wazi.

"Limetoka," ilisema sauti ya Mama. "Limeenda kutumalizia."

Sauti ya Mjomba ikacheka.

Sauti ya Kadogo ikaanza, taratibu, mzigo wewe...

Sebuleni walikuwa wanne. Hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa kaka, na yeye alikuwa anatafuna.

"Mnawasikia?" aliuliza bila kugeuka. Alitazama nyuso zao moja moja, na mabega yakamshuka. "Basi afadhali. Nilidhani niko peke yangu."

Mama alivuta pumzi, uso umemkunjamana, akaelekea korido na kidole juu. Miaka miwili ya mazoea. Kadogo alimwahi, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usikipe neno jingine, Mama," alinong'ona. "Tumekilisha vya kutosha."

Chumbani kukawa kimya ghafla.

Siku hizi kaka analala sebuleni, pembeni ya meza ya pasi. Hajapona. Kuna siku anafungua saa ya jirani na kuifunga tena ikitembea, na kuna siku analia tangu asubuhi. Lakini anakula, na nesi anasema waendelee hivyo hivyo, na dawa, na maneno. Mganga walimwendea. Alisikiliza, akasema zamu ile ameshazipa nyumba nyingi, na hakuna aliyewahi kurudi kumweleza ilikuwaje. Alionekana hataki kujua.

Mjomba alipigilia mbao kwenye mlango wa kile chumba. Hakuna kinachosema tena humo.

Ila wiki iliyopita Kadogo, kwa usingizi, aliunguza shati la mteja. Moshi ukapanda. Mama aligeuka, macho mekundu kwa uchovu, akafungua mdomo.

Nyuma ya mbao, kitu kikasogea karibu.

Wote walikisikia. Mkwaruzo mdogo, wa mtu anayeegemeza sikio.

Mama alisimama vile vile kwa muda, mdomo wazi. Kisha akaufunga, akalichukua lile shati mikononi mwa binti yake, akaanza kulikunja.