Kanu Hatembei na Mwenzake

Watu wa kijiji chetu wana akili za kuku, na kuku wangu wanisamehe. Miaka yote hii nafuga hapa Isingiro, nauza mayai, nawajua mmoja mmoja, na bado wananishangaza. Kuku wakifa kwa mdondo, mchawi. Mgomba ukinyauka, mchawi. Mtoto akifeli mtihani ambao hakuusomea hata siku moja, mchawi tena! Ebo! Huyo mchawi analala saa ngapi?

Kwa hiyo banda la Atwine lilipokutwa asubuhi limejaa mizoga, vichwa vimetafunwa, miili mizima imeachwa, nilijua watakachosema kabla hawajafumbua midomo.

"Anafyonza damu huyo. Mnyama gani anaua asile?"

Kanu! Kanu ndiye anaua asile. Marehemu mume wangu, Shabani, alikuwa askari wa wanyamapori, na usiku badala ya kunibembeleza kama waume wa wenzangu alikuwa akinisimulia habari za vicheche na nguchiro. Na wa kulaumiwa zaidi nilikuwa mimi, maana nilisikiliza. Kanu ana mwili mwembamba, mrefu, madoadoa, mkia wa pete. Pakipita kichwa chake, mwili wote umepita. Akiingia banda lililofungwa, kuku wanapapatika na hawana pa kukimbilia, na kila kinachopapatika mbele yake anakiuma shingo. Hawezi kujizuia. Akimaliza anatafuna vichwa viwili vitatu, ameshiba, anaondoka. Uchawi uko wapi hapo? Kuna tundu tu, ambalo Atwine aliambiwa alizibe tangu mvua za vuli, akasema kesho.

"Tena anatembea peke yake," Shabani alikuwa akiniambia. "Kanu hatembei na mwenzake. Ukiona wawili, ni mama na mtoto. Ukiona zaidi ya hapo, Mwaja, ujue macho yako yamechoka."

Niliwaeleza yote hayo pale kisimani. Walinisikiliza kwa adabu, halafu wakasema, "Mama Hanifu, wewe ni Mswahili, mambo ya huku huyajui." Mimi! Babu yangu alitoka Tanga akafungua hapa duka hili ninalouza mimi, baba zao hawajaota meno. Nikasonya, nikabeba ndoo yangu.

Mchawi waliyemchagua ni Bibi Anonciata. Mjane, mgongo umepinda, rozari shingoni, hana mtoto. Anakaa peke yake kwenye kibanja kinachopita vyote vya upande wetu, migomba minene, mibuni imejaa, maji hapo chini. Na Rwezaura, mtoto wa shemeji yake, amekuwa akikimezea mate kibanja hicho tangu marehemu mzee azikwe. Sasa unaona uchawi unakotokea? Rwezaura huyo huyo ndiye aliyemleta mganga. Wakaafikiana kwamba mganga akithibitisha, bibi anafukuzwa na nyumba inachomwa. Mahali pa kwenda hana.

Jioni aliyokuja mganga nilikuwa nampelekea bibi chumvi na mafuta ya taa, kama ninavyofanya kila wiki. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima. Chini ya migomba giza huwahi kuingia, na njia nzima sikusikia mbwa hata mmoja akibweka.

Nilipofika uani nikakuta watu wamejaa. Wamekaa kwenye majani kama wanaosubiri harusi. Atwine yupo, mkewe yupo, hata Ruth wa kwaya yupo, kajifunga kitenge kipya. Kuja kumwangalia kikongwe akivunjiwa nyumba, mtu unavaa kitenge kipya? Loh!

Mganga mwenyewe, Karekezi, ukimuuliza kwao anakutajia mahali pengine kila mara. Alikuwa na koti la suti la mtu mnene kuliko yeye, miwani ya jua wakati jua lenyewe limezama, na mkono wa kulia shanga nyekundu kubwa, wa kushoto kautia mfukoni. Anaitwa Dokta. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa pale njiani.

"Nasikia harufu," akasema, pua juu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mwimo wa mlango wa bibi, akapapasa, akawaonyesha kidole kinachong'aa mafuta. "Mafuta ya kuzimu. Anajipaka akitoka."

Watu wakaguna.

Nami nikasogea, nikanusa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitia zabadi kwenye manukato yake, ile inayotoka kwa fungo. Hii ilikuwa ndugu ya zabadi, ila kali zaidi, yenye uchachu. Kanu ana tezi chini ya mkia. Hupaka mafuta yake kwenye jiwe, kwenye gogo, kwenye nguzo, ndiyo anavyowaambia wengine kwamba hapa ni pake. Lakini kanu ana kimo cha paka, na mafuta yale yalipakwa usawa wa kifua changu.

"Dokta," nikasema, "hebu toa huo mkono wa kushoto mfukoni tuunuse na wenyewe."

Hakuutoa. Rwezaura akadakia, "Mama Hanifu, hii ni shughuli ya ukoo. Rudi dukani kwako."

"Ukoo gani? Ukoo wa kula wajane?"

Wengine wakacheka. Lakini walicheka wakiwa wamekaa, hakuna aliyenyanyuka kuondoka. Hapo nikawachoka kabisa.

Karekezi akafungua mfuko wake. Akatoa ngozi.

Ilikuwa ngozi nzima ya kanu, na miguu, na mkia wa pete, na kichwa kilichokauka meno nje. Tumboni ameishona ikawa mfuko wa kuwekea dawa zake. Harufu ikatanda ua mzima. Akasema mtuhumiwa ataishika mbele ya watu. Asiye mchawi hataogopa. Akikataa, kila mtu amejionea.

Bibi Anonciata alikuwa kizingitini muda wote huo. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Nikamwinamia.

"Bibi, ni ngozi tu."

"Mwanangu," akanong'ona, "kwetu huyo haguswi."

Kumbe! Mzio wa ukoo. Hapa kwetu kila ukoo una kitu chake wasichokiua, wasichokila, wasichokivaa. Wengine pongo, wengine tumbili, wengine samaki fulani. Kwao Anonciata ni kanu. Na Rwezaura, aliyelelewa humo ndani, akala ndizi za mkono wa yule bibi, alilijua hilo tangu utoto. Bibi akikataa, ni mchawi. Akishika, amevunja mzio, na hakuna atakayemzika. Vyovyote vile kibanja ni cha Rwezaura. Nilimtazama yule mwanaume akisugua viganja vyake.

"Mama mkubwa," akasema kwa sauti ya upole, "shika tu, yaishe."

Bibi akasimama. Alimwangalia Karekezi, hakumwangalia Rwezaura kabisa.

"Umempata wapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyembeba."

Karekezi akacheka, peke yake.

Rwezaura alikuwa anajua nusu ya mambo. Alijua kwamba watu wa ukoo ule hawamuui kanu. Hakuwahi kujiuliza wanafanya nini wakimkuta amekufa.

Bibi alipiga magoti. Akaisalimia ile ngozi kwa Kinyambo, taratibu, salamu ya kumwamkia mkubwa wako. Kisha akavua kanga yake ya mabegani, akaitandika, akaipokea ngozi kwa mikono miwili juu ya kanga, akaifunika hadi usoni. Akaketi chini, miguu ameinyoosha kama wafiwa. Halafu akaanza kulia.

Ulikuwa uombolezaji wa msiba. Wote tuliutambua.

Ruth wa kwaya akajishika kichwa. Atwine akavua kofia bila kujua anavua. Hao ndio watu wetu, wepesi wa kuchoma nyumba, lakini msiba ukilia hakuna anayethubutu kukaa vibaya. Mimi nami nikajikuta nimeketi kando yake, mkono wangu mgongoni kwake. Sijui kwa nini. Alikuwa analia peke yake, na mimi najua kufiwa.

Ndipo harufu ilipozidi.

Haikutoka kwenye kanga. Ilitoka migombani...

Chakacha... chakacha... kwenye majani makavu. Polepole. Upande huu. Halafu upande ule.

Atwine akawasha tochi ya simu akaielekeza kule. Yakawaka macho mawili, chini kabisa, karibu na shina la mgomba. Nikajisemea, haya, si nilisema? Kanu huyo hapo, mwone mchawi wenu!

Tochi ikasogea kidogo. Macho mawili mengine.

Ikasogea tena. Mengine. Na mengine. Na mengine...

Mstari mzima. Wamekaa, mikia wameizungusha miguuni, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetikisika. Kuku wa bibi walikuwa wamelala kwenye tundu lao hatua chache kutoka pale, na hakuna kanu aliyegeuza hata shingo kuwatazama.

Macho yangu hayakuwa yamechoka, Shabani.

"Waacheni," bibi akasema, bila kuinua kichwa. "Wamekuja kuzika."

Karekezi alivua miwani. Bila miwani alikuwa kijana tu mwenye hofu. "Nipe mfuko wangu," akanong'ona. "Nipe... dawa zangu zimo..." Akanyoosha mkono kuigusa kanga.

Macho yote yakamgeukia.

Kwa pamoja.

Dokta akakimbia. Aliangusha kiatu, akaangusha simu, tukasikia pikipiki ikigoma, ikigoma, kisha ikawaka na kuondoka kuelekea njia ya Bugomora. Atwine akarudisha tochi migombani. Hapakuwa na kitu. Majani tu. Na mbali, barabarani, sauti ya pikipiki ikawa inapungua, inapungua, halafu ikakatika ghafla.

Rwezaura alikuwa amejikojolea. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona, na kwa sababu kila anaponipita nataka ajue kwamba nilimwona.

Tulizika ngozi ile usiku ukiingia, nyuma ya nyumba, kwa jembe la Atwine. Mume aliyekuja kuchoma nyumba akachimba kaburi la kanu, na mkewe akashika taa.

Asubuhi pikipiki ilikutwa kando ya barabara, imesimama kwa stendi yake, ufunguo umo. Mwenyewe hayupo mpaka leo. Polisi wakaja, wakaandika, wakasema matapeli ndivyo wanavyohama. Sawa. Wao na akili zao. Mimi nilikwenda kuiona kabla hawajafika.

Kanu ana choo chake. Huchagua mahali pamoja palipoinuka, jiwe au tawi, hurudi hapo hapo kila siku, kidogo kidogo. Shabani aliwahi kunionyesha kimoja, akasema rundo kama lile ni la mwezi mzima.

Juu ya siti ya pikipiki lilikuwepo rundo kama lile. Bichi. La usiku mmoja.

Nikachokoa kwa kijiti. Manyoya ya ndege, magamba ya mende. Kawaida. Nikachokoa zaidi, na kijiti kikagonga kitu kigumu. Kilikuwa chekundu.

Shanga.

Nikafukia kwa mchanga, nikaondoka. Sikuwaambia polisi. Wangenijibu nini?

Bibi Anonciata yuko kwake. Hakuna anayetaja kibanja chake tena, na Rwezaura anamwamkia shikamoo akiwa ng'ambo ya barabara. Nilitaka abaki, na amebaki. Lakini mimi ndiye niliyesimama kisimani nikawaambia wote kwamba hakuna kitu, na sasa nikimpelekea chumvi yake nashindwa kumtazama machoni. Wiki iliyopita alinishika mkono mlangoni.

"Ulikaa nami msibani, mwanangu," akasema. "Wamekuona."

"Nani, bibi?"

Akatabasamu, akaingia ndani.

Kuku wa kijiji wameendelea kufa. Kwa Atwine, kwa Ruth, kwa Rwezaura hakubaki hata jogoo. Kwangu hajaguswa hata kifaranga, na majirani wameanza kuniangalia. Wananiangalia jinsi walivyokuwa wakimwangalia yeye. Majinga!

Ila kila alfajiri nikienda kufungua banda, nakuta kwenye nguzo ya mlango, chini, kimo cha paka, mafuta. Mabichi. Yenye uchachu ule. Nami nilishasema, kanu hapaki kwa mwenzake. Anapaka palipo pake.

Kitambaa ninacho. Sabuni naiuza mwenyewe dukani.

Sijathubutu kuyafuta.