Sampu Iliyoitikia Hodi

Mimi sisimuliwi mambo, mimi huyaona. Habari ya Fundi Kizibo wapo watakaokusimulia huku wakijipiga vifua, na wote siku ile walikuwa makwao wanakula. Niliyekuwepo ni mimi, mziba pancha wa ng'ambo ya barabara, niliyeona mwanzo hadi mwisho bila kupepesa, na kama kuna aliyeona zaidi yangu basi ni huyo jini mwenyewe.

Fundi aliitwa Kizibo kwa sababu hakukuwa na oili iliyomshinda kuziba. Injini ikivuja, wengine hupaka gundi wakamwachia Mungu. Yeye alitandika kipande cha boksi chini ya gari, akalala, asubuhi akasoma matone kama mwalimu anavyosoma daftari. "Hili la gasketi. Hili la nyuma ya injini. Hili la uongo, limetiririka kutoka juu."

Tena alikuwa na mzaha wake. Kila aliposhuka kwenye shimo la gereji, chini ya gari, aligonga chuma mara tatu kwa kitako cha spana akasema, "Hodi." Mkewe, aliyekaa ukingoni akimshikia tochi, alijibu kwa sauti ya kununa, "Karibu, lakini futa miguu." Wakacheka. Miaka kumi na tisa, mzaha uleule, na kicheko kilekile. Mke alipofariki, fundi akaendelea kubisha. Nilikuwa naisikia ile hodi kutoka kwangu, halafu kimya, halafu spana inaanza kazi peke yake. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko lori.

Basi mkunga akaleta gari lake linachuruza. Alikuwa anamkimbilia mzazi kwenye njia ya mawe, jiwe likapasua sampu, lile beseni la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa. Sampu mpya ilikuwa ya kuagiza, wiki tatu. Muuza vyuma chakavu alikuwa nazo mbili: moja imechomelewa na kunyooshwa, nyingine nzima, imetolewa kwenye gari lililolala uwanjani kwake miaka na miaka.

"Chukua hii yenye kiraka," muuza vyuma alimshauri. "Ile nzima sijaona hata mjusi akiikalia."

"Mimi natafuta sampu, sitafuti nyumba ya mjusi," alisema Kizibo, akaibeba ile nzima.

Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga na gasketi mpya, akamimina oili, akatandika boksi lake. Kesho yake mchana akashuka shimoni kulisoma. Boksi jeupe, hakuna hata tone. Akagonga chuma mara tatu kwa mazoea.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu sampu, "lakini futa miguu."

Ungekuwa wewe ungetoka shimoni bila kutafuta ngazi. Fundi alivua kofia, akafuta miguu.

Tangu hapo gari likawa haliponi. Mkunga akija, anaambiwa bado.

"Bado nini, fundi? Boksi lako jeupe kama shuka."

"Linavujia ndani, mama."

"Ndani wapi? Watu wanazaa. Jana nimetembea saa nzima na mkoba kichwani, nimefika mtoto keshatangulia, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa shule."

"Kesho, mama."

Kesho ikazaa kesho. Nikavuka barabara, kwa ujasiri wangu unaojulikana, nikijifanya naazima pampu. Kule shimoni hakukunuka oili. Kulinuka sabuni ya kufulia na nywele zilizotoka kuoshwa, na ile sauti ilikuwa inasema bati la jikoni limeanza tena kuvuja, na shati hilo umelivaa siku ngapi, na mbona huli. Fundi akicheka, anajibu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga.

"Unaongea na nani?" nikanong'ona.

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Punguza sauti, jirani. Hapendi wageni."

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, mkono tu ulitaka kitu cha kushika. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Siku ya pili nikachomoa tena, imepanda zaidi, na hakuna aliyemimina hata kijiko. Na hapo ndipo nilipomtazama Kizibo vizuri, nikaona midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, na ngozi ya mikono, ile iliyokuwa iking'aa mafuta toka ujana wake, imekauka ikawa na unga, na macho yameingia ndani, na kila alipocheka kule chini kitu ndani ya chuma kilimeza, gulp, taratibu, kama mtu anayekunywa maji huku akikutazama juu ya ukingo wa kikombe; naye fundi anapungua, injini inajaa, anapungua, inajaa, na injini yenyewe ilikuwa haijawashwa siku tisa lakini ukiigusa ni ya moto.

Nikaenda kumleta shangazi yangu. Shangazi hutoa majini kama wengine wanavyong'oa meno, na kwa upole uleule. Alifika akilalamikia magoti, akanusa ukingoni mwa shimo, akamwita fundi kando.

"Huyo si mkeo, baba. Marehemu hawana njaa. Wewe ulibisha mlangoni kwake, akaitikia, sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Wewe ni mgeni, tena mgeni wa kuliwa. Wiki hii haiishi, utazikwa."

"Niachie, shangazi," alisema Kizibo polepole. "Nyumba nzima ile hakuna hata mtu wa kuniambia nifute miguu."

Shangazi akayasugua magoti yake.

"Mimi siwezi kumtoa," akasema. "Umemwamkia wewe, utamtoa wewe, kwa kufungua bolti kwa mkono wako. Lakini hutafungua mpaka moyo wako ujue. Yeye anayajua yale tu yaliyowahi kusemwa chini ya magari. Muulize ambalo hujalitamka popote."

Fundi akashuka. Tochi nilishika mimi, anayesema nilisimama mbali ni mwongo.

"Siku ile wodini," fundi aliiambia sampu, "ulinivuta sikio ukaninong'oneza. Ulisema nini?"

Ile harufu ya sabuni ikaanza kupasuka, na chini yake kukatokea harufu nyingine, ya chuma kilicholala kwenye maji machafu pamoja na kitu kilichokuwa na manyoya, na chuma kikaanza kulia tik, tik, kama kinapoa, ila hakikuwa kinapoa, kilikuwa kinafikiri, kinapekua yote kiliyosikia, jioni baada ya jioni, kikitafuta neno ambalo halikuwamo, na mimi pale juu nilihisi kabisa kwamba kimeacha kumtazama yeye kikaanza kunitazama mimi. Halafu ile sauti ikarudi, laini vilevile, tamu vilevile:

"Nikumbushe kwanza, mume wangu."

Fundi alifunga macho. Alinyamaza kabisa, hakumpa hata neno. Kisha akaingiza spana na kufungua bolti ya kwanza.

Sitakudanganya, ilipofika ya kumi kitu kilipiga yowe ambalo shangazi alilijibu kwa yowe lake, kubwa zaidi. Sampu ikashuka, ikamwaga oili ya moto, nyeusi, nyingi kuliko injini tatu zinavyoweza kubeba, na oili yenyewe ikatafuta njia yake ukutani mwa shimo, kwenda juu, ikatoka mlangoni, ikaisha. Sampu tukaivunja kwa nyundo. Fundi akaifuata ile yenye kiraka kwa muuza vyuma, akaifunga, na jioni ileile mkunga aliondoka na gari lake bila kuaga, maana alikuwa ameitwa mara mbili.

Kizibo akarudisha mwili wake. Oili bado anaziba. Hodi habishi tena. Anashuka shimoni kimya, anafanya kazi, anapanda.

Yote haya ni kweli tupu, isipokuwa jambo moja nililolitia mwenyewe, kwa kumwonea haya. Nimesema alinyamaza. Hakunyamaza. Aliweka mdomo kwenye chuma akayanong'ona maneno yote ya mkewe, nami nilikuwa karibu, nikaziba sikio moja tu. Ile sauti ikayarudia, kwa sauti ya marehemu, taratibu, mara mbili, kama fundi alivyoomba. Ndipo akafungua bolti. Shangazi sijamwambia mpaka leo, kwa sababu najua ataniuliza yule jini alipotoka pale mlangoni aliondoka na nini.