Anayependa Hakati Katikati

Kwenye skrini, fundi cherehani ambaye watu walikuwa wamemfuata kwa saa mbili na nusu alishika barua aliyoingoja miaka kumi na mmoja. Kidole chake kiligusa gundi ya bahasha. Mara giza, kisha maandishi meupe: Mwisho wa Sehemu ya Kwanza. Taa za ukumbi zikawashwa.

"Nini?" aliuliza mzee mmoja wa safu ya mbele, kama aliyekanyagwa kidole cha mguu.

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Bisi ziliruka, miluzi ikapigwa, mama mmoja akasimama juu ya kiti akitaka kuonana na meneja, na meneja mwenyewe, mtu mwenye akili zake, akajitia anaongea na simu na kupotelea mlango wa nyuma. Watu walimiminika ukumbi wa mapokezi wakigombana na yeyote aliyekuwa karibu, hata mashine ya soda ilipigwa kofi.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama mkutubi wa maktaba ya mtaa, gauni la zambarau, kitambaa cha manjano kichwani, na kwapani amebana kitabu chenyewe kilichozaa filamu hiyo, kurasa mia tisa, kimechomekwa vipande vya karatasi kila mahali. Yeye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kazini kwake kunong'ona ndiko kunakolipwa mshahara. Lakini siku hiyo damu ilimchemka.

"Kitabuni barua inafunguliwa ukurasa uleule!" alisema, akikipiga kitabu kwa kiganja. "Uleule! Hata jani hugeuzi! Waliofanya hivi hawajawahi kupenda kitu chochote maishani mwao. Mtu anayependa hakati katikati!"

Watu wakampigia makofi. Alipogeuka, akakutana na kijana mmoja mrefu, shati la kijani lililopigwa pasi upande mmoja tu, anamtazama huku mdomo ukimcheza.

"Na wewe unacheka nini?" akamkata jicho.

"Sicheki, dada. Nasikitika kwa uso mbaya."

"Kitabu umesoma?"

"Mara tatu."

"Muongo mkubwa. Mume wa fundi cherehani ana kilema gani?"

"Sikio la kushoto halisikii. Ndiyo maana kila mkewe akimnong'oneza mapenzi, anamnong'oneza upande usiosikia."

Mkutubi alikishusha kitabu. Katika miaka yake yote ya kuongoza kikundi cha wasomaji, hakuna mwanamume aliyewahi kuligundua lile la upande usiosikia. Moyo wake ulifanya kitu ambacho hakuupa ruhusa.

"Unaninunulia chai," alisema, "kwa sababu nikienda nyumbani na hasira hizi nitampiga mdogo wangu bure."

Walikunywa chai hadi mhudumu akaanza kuwafagilia miguuni. Mkutubi alimuuliza kazi yake, naye akajibu kwamba ni fundi, anashinda kwenye kompyuta, anakata na kuunga vitu vya watu. Jibu lenyewe lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu. Kwa kuwa alilisema huku akimsogezea sukari, bibie hakuuliza zaidi.

Kuanzia siku hiyo simu haikupumzika. Fundi, kama alivyomwita sasa, alipiga asubuhi kabla maktaba haijafunguliwa, akapiga mchana, akapiga jioni kuuliza kama ile simu ya mchana ilifika.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula. Umenipigia kuniuliza hilo tu?"

"Hapana. Nimepiga kusikia ukinikaripia. Siku haianzi vizuri bila hilo."

"Mjinga wewe."

"Ahsante. Sasa naweza kufanya kazi."

Wiki sita zikapita hivyo. Mdogo wake, msusi wa saluni, alianza kumuita "shemeji" kabla hajamwona. Mkutubi, ambaye siku zote alisema mapenzi yamemtosha vitabuni, alijikuta akinunua hereni. Na kila walipokutana waligombana juu ya ile filamu. Yeye aliiponda, Fundi aliitetea kidogo, yeye akamshukia kama mwewe, Fundi akanyanyua mikono. Mkutubi alidhani ni mchezo wao.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ililia akiwa anapanga kadi za wanachama.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa anapiga kelele juu ya mlio wa mashine za kukaushia nywele. "Uko redioni!"

"Niko kazini, wewe."

"Nakwambia uko redioni! Sikiliza!" Akaisogeza simu kwenye redio ya saluni.

Kulikuwa na kelele za watu, miluzi, kisha sauti ya mwanamke yenye uchungu: *Mtu anayependa hakati katikati!* Halafu sauti nzito ya mwanamume, tamu kama ya muuza dawa: *Wamekasirika. Wanalia. Wanaitaka. Sehemu ya pili, mwezi ujao.* Na muziki.

Mkutubi alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Bahati nzuri kilikuwepo.

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unamchezea shere. Wanafunzi waliokuja kuazima vitabu walibana vicheko. Lakini lililomuuma ni kikundi chake cha wasomaji, watu arobaini aliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka minane, wengine waliokuwa hawajashika kitabu tangu shule. Hao ndio waliokula kiapo kutoitazama sehemu ya pili, na yeye ndiye aliyewaapisha. Sasa sauti yake ndiyo inayoiuza. Mwalimu mstaafu, mkubwa wao kwa umri, alimpigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, ulijirekodi lini na hawa watu?"

"Sikujirekodi, Mwalimu. Naapa."

"Sauti si yako?"

"Ni yangu."

"Basi Jumamosi uje utueleze. Wapo wanaosema ulikuwa kibaraka wao tangu mwanzo, ulitutia hasira kwa kutumwa. Mimi sijasema. Lakini sijawakataza kusema."

Alikata simu na kumpigia mtu pekee aliyetaka kumlilia. Fundi alipokea mara moja, hakusema malkia, hakusema umekula. Alikaa kimya, na mkutubi, aliyezoea kusikiliza ukimya wa watu kazini, akaujua ule ulikuwa wa namna gani.

"Ulikuwepo pale," alisema taratibu. "Ulisimama mbele yangu kabisa."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Wewe ni fundi wa nini?"

Ndipo ikatoka. Yeye ndiye aliyeihariri ile filamu. Kila filamu yake inapoonyeshwa mara ya kwanza, huketi safu ya mwisho na kinasa sauti mfukoni, asikie watu wanakohoa wapi, wanacheka wapi, viti vinalia wapi, kwa sababu mdomo wa mtazamaji hudanganya lakini kikohozi hakidanganyi. Siku ile alisahau kukizima alipotoka. Jioni, kabla hata chai haijashuka tumboni, aliituma rekodi nzima ofisini kama kawaida yake, na hakuikumbuka tena.

"Hukuikumbuka wiki sita?"

"Nilikuwa nakukumbuka wewe."

"Usinivishe kilemba cha ukoka! Na kukata filamu pale kwenye barua, ni wewe?"

Alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kufupi, lakini kulikuwepo. "Wakubwa walinilazimisha. Mimi ni mfanyakazi tu."

"Unasema uongo," alisema mkutubi. "Nakusikia unavyosema." Akaizima simu, akavua hereni, akazitia kwenye droo ya mihuri. Usiniulize alilia kiasi gani. Alilia, na hasira hazikupungua.

Siku nne zilizofuata Fundi alipiga mara thelathini na saba. Mdogo mtu alizihesabu, maana simu alikabidhiwa yeye.

"Dada, shemeji anapiga."

"Huna shemeji."

"Basi yule asiye shemeji anapiga. Anauliza mkutano wa Jumamosi ni saa ngapi."

"Mwambie haumhusu!"

"Nilishamwambia ni saa tatu asubuhi," alijibu mdogo mtu, akisuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo na uso mkavu kabisa.

Jumamosi chumba cha kusomea kilijaa mpaka madirishani. Mkutubi alivaa gauni jeusi lisilo na hata kifungo cha kung'aa. Alieleza kila kitu kilivyokuwa, isipokuwa mapenzi, na kwa sababu aliacha hayo, maelezo yalikuwa na shimo ambalo hata kipofu angeliona.

"Kwa hiyo mtu usiyemjua alikurekodi tu?" aliuliza mwenye duka la vipuri.

"Hatukuamini!" ilisikika nyuma. "Jiuzulu!"

Hapo mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia na lile shati la kijani, safari hii pande zote mbili zimepigwa pasi, akapita katikati ya viti hadi mbele. Hakumtazama mkutubi. Kama angemtazama, asingeweza kusema.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamooni wazee. Mimi ndiye mhariri wa ile filamu."

Ukumbi ulivuta pumzi, kisha ukamrukia. Wewe! Mshenzi! Mwuaji wa vitabu! Mama mmoja alimtupia leso, kitu cha karibu alichokuwa nacho. Fundi alisubiri. Kila kelele zilipopungua alifungua mdomo, zikapanda tena, akaufunga. Alisimama hivyo muda mrefu, jasho likimlowesha kola, mpaka Mwalimu alipogonga meza.

"Aseme. Tutamtukana vizuri zaidi akishasema."

"Sauti niliirekodi mimi, bila ruhusa, na kuituma ofisini mimi. Huyu dada hakujua. Hakujua hata mimi ni nani, kwa sababu nilimficha wiki sita. Tangazo nimewaambia waliondoe. Wamekataa. Nimewaandikia kwamba sitafanya nao kazi tena mpaka liondoke, na nakala ya barua hiyo nimeileta." Akaiweka mezani mbele ya Mwalimu.

"Na kutukatia pale kwenye bahasha?" Mwalimu aliuliza. "Nani aliamua? Na usituambie wakubwa."

Mkutubi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hili ndilo alilokuwa analingoja, na alijua kwamba likitoka jibu lile la kwenye simu, atatoka mlangoni na hatageuka tena.

"Mimi," alisema Fundi. "Wakubwa walitaka sehemu mbili, ni kweli, lakini walitaka ikatwe mapema, baada ya moto wa karakana. Mimi nilibishana nao siku tisa nikitaka iishie kwenye barua. Nilijua mtakasirika. Nilitaka mkasirike, maana mtu aliyekasirika hurudi. Nilijiona fundi kweli kweli. Halafu nikamwambia huyu dada kwamba nililazimishwa. Nilimdanganya."

"Angalau huyu anajua alichofanya," alisema mzee mmoja kwa chuki kubwa, na wakaanza upya. Walimpa vidonge vyake kwa saa nzima, mmoja baada ya mwingine, wakimsomea kurasa, wakimwonyesha alipoharibu. Aliandika kila kitu kwenye daftari. Walipochoka, Mwalimu alimshika mkutubi mkono, akamwambia kwa sauti ambayo wote walisikia, "Kikundi ni chako, mwanangu. Tusamehe." Kisha akamgeukia Fundi: "Wewe sijakusamehe." Akaondoka zake, na wengine wakamfuata.

Walibaki wawili na viti arobaini. Mkutubi alianza kuvibeba, Fundi akabeba pia, na kwa muda kilichosikika ni miguu ya viti tu ikigongana.

"Usifikiri yamekwisha," alisema mkutubi. "Bado nakuchukia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

"Basi nikuambie jambo jingine, utaacha kabisa kucheka." Alikiweka kiti chini. "Sehemu ya pili. Mwisho tumeubadilisha. Fundi cherehani haondoki. Anabaki na mumewe."

Mkutubi aliachia viti viwili vikaanguka. "Mmefanya nini?"

"Anabaki."

"Kitabu kizima ni kuhusu yeye kuondoka! Kurasa mia tisa! Nani amebadilisha?"

"Mimi sikutaka..." Akasimama, akafumba macho, akaanza tena. "Hapana. Walipopendekeza, nilikuwepo mkutanoni. Nilinyamaza. Nilikuwa na njaa na nilitaka kikao kiishe."

Mkutubi alimtazama. Alikuwa amekasirika kweli, na angeweza kumpiga na kamusi iliyokuwa karibu. Lakini hakuna aliyemlazimisha mtu huyu kusema hayo. Mpaka sehemu ya pili itoke angeweza kuwa na mwezi mzima wa raha, na ameutupa mwenyewe, mbele yake. Mkutubi alihisi upendo ukimpanda juu ya hasira bila kuiondoa.

"Mdogo wangu amemsimulia mama yote, na mama anataka kukuona kesho," alisema.

"Mama? Ana... ana hasira?"

"Aliirudia filamu yako mara ya pili ili ahakikishe hasira zake ni za haki. Utakuja?"

"Nitakuja. Na nikija sitakuja kunywa chai tu, nitamwambia nataka kukuoa."

"Na hili la mwisho kubadilishwa, utamwambia?"

Fundi alikifuta kiti kimoja kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nitamwambia."

"Kabla ya posa au baada?"

"Kabla."

Mkutubi aliviinua vile viti viwili, akavipanga sambamba ukutani, akakaa kwenye kimoja.

"Basi kesho," alisema, "nitakaa upande wako."