Chaneli ya Akiba

Mshale wa kupimia sauti, ule wa kushoto wa amplifaya, uliruka. Muziki haukuwa ukipigwa. Mke wa Bwana Besi alikuwa amesema tu, "Mume wangu, chakula tayari," na mshale ukaruka.

Bwana Besi, kama majirani walivyomwita, hakushtuka. Atashtukaje mtu anayejua kila kitu? Spika zote mbili alikuwa amezichomeka chaneli ya kulia. Fundi alimwambia tangu mwanzo azitumie chaneli zote sawasawa, joto ligawanyike, mashine idumu. Akamcheka.

"Ya kushoto ni akiba," alisema. "Hii ikichoka, nahamia ile."

Ndivyo alivyokuwa, maskini wa akili. Hata makochi yake yalikuwa bado na nailoni za dukani, wageni wakikaa wanateleza. Chaneli ile ikakaa tupu miaka na miaka, kitu kikaona pana nafasi, kikahamia.

Mkewe alikuwa mtu wa kuimba akiosha vyombo, na sauti hiyo ndiyo Besi aliyompendea. Sasa kila akisema neno mshale uliruka, na sauti yake ilikwaruza, ikapungua, mpaka ukabaki mnong'ono. Sebule ikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Mume wangu," alinong'ona, "kile kitu kinaninywa. Naogopa."

"Kunywa tangawizi. Ni waya tu umelegea."

Mke akamwita shangazi yake, mpunga majini. Bibi huyo alifika alasiri, akasimama mlangoni, akanusa.

"Jini limo," alisema kwa sauti ya chini. "Ila halijamaliza. Tuichome mashine hii leo, sauti ya mwanangu itarudi. Ole wako uchomeke spika upande ule! Utakuwa umelipatia mdomo, na sauti hairudi tena."

"Tuichome? Shangazi, hizi ni kuni?" Besi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ngoja niwaonyeshe hakuna kitu."

Mkewe akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akitikisa kichwa, machozi yanamtoka, lakini mjinga yule akajikwanyua, akachomoa nyaya za kulia, akazichomeka kushoto, na hapo mshale ukalala mpaka mwisho na kutetemeka, harufu ile ikajaa hadi ikawawasha macho, na mke akafungua kinywa kupiga yowe, shingo imemtutumka mishipa, kisitoke kitu, hata pumzi, huku kwenye spika zote mbili ikianza kuimba taratibu sauti yake mwenyewe, nzima, tamu, na chini yake kitu kikihema.

"Zima!" Shangazi alilia. "Zima, we mwanamume, unammaliza!"

Bwana Besi akainua kidole kumnyamazisha. Akainama, akaongeza sauti.

"Hebu sikilizeni," alisema, amefumba macho kwa raha. "Sikilizeni ilivyo safi."