Fundo la Tatu kwenye Kihenge

Kihenge kilikuwa na mafundo matatu, na Verdiana alijua nyumba zinazokitumia ni mbili tu. Pale Nyabiyonza ndivyo walivyotambua kihenge cha shirika: kila nyumba iliyoweka kahawa yake ya maganda ndani ilifunga kamba ya mgomba mlangoni, kwa fundo lake. Lake lilikuwepo. La Gosbert, shemeji yake, lilikuwepo. Hilo la tatu lilikuwa limelowa na kunuka tope la mtoni, na kiangazi kilikuwa kimekausha hata visima.

Damu ilimchemka. Tangu mumewe afariki, Gosbert alikuwa anamnyang'anya kidogo kidogo, leo migomba, kesho mbuzi, na kahawa hii ndiyo pekee aliyobaki nayo ya kumlelea mtoto.

"Shemeji! Umemwingiza nani kwenye kahawa ya mwanangu?"

Gosbert alikuja mbio, akaliona fundo, akanywea. "Sema taratibu," alinong'ona. "Si langu. Mama alishawahi kuliona, enzi za babu. Halifunguliwi mpaka mwenyewe aulizwe anataka fungu gani."

"Mwenyewe nani?"

Gosbert aliutazama mlango wa kihenge. Ndani ya kihenge kahawa ilianza kuporomoka polepole, kama inayochotwa kwa mkono.

"Mwongo mkubwa wewe! Unanitisha nikuachie kihenge!" Verdiana alichomoa kisu cha kumenyea ndizi, akalikata lile fundo na kwenda kulitupa jikoni, motoni. "Sina shirika na mtu asiye na jina. Akatafute pengine pa kuweka vyake!"

Fundo lilichemka motoni bila kuungua. Kihenge kikanyamaza.

Jua lilikuwa bado kali alipoingia ndani kumwamsha Kemirembe, binti yake wa pekee, aliyemlaza baada ya chakula cha mchana, na harufu ya tope ikampokea mlangoni, ikazidi kadiri alivyokisogelea kitanda, hasira ikimtoka, mpaka akamwona mtoto ameketi wima, kimya, mkono ameunyoosha mbele kana kwamba kuna mtu ameushika.

Mkononi alikuwa amefungwa kamba ya mgomba, imelowa, kwa fundo lile lile.

Verdiana alikuwa bado na kisu. Safari hii hakuthubutu kukata.

"Mama," Kemirembe alinong'ona, "anasema na wewe ufunge fundo lako hapa, mimi ni wa shirika."