Sabuni ya Asante

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala upesi, kisha akabeba kikapu cha sabuni na kumfuata mama yake mlango kwa mlango. Jina hilo majirani walimpa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama alikuwa mdadisi wa idara ya afya, kazi yake kuwauliza watu maswali na kuandika majibu. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia mjini, na idara ilitaka kujua ni mitaa ipi inayokunywa maji bila kuyachemsha, ili igawiwe dawa ya kusafisha maji. Dawa yenyewe ilikuwa haba.

Aliyekuwepo nyumbani aliulizwa mlangoni. Baadhi ya waliokuwa kazini walipigiwa simu na ofisi. Sabuni ilitolewa kwanza, kabla ya swali.

“Hii ni asante ya kutufungulia,” mama alizoea kusema. “Hata usipojibu, ni yako.”

Siku moja mama alikwama kwa fundi viatu, ambaye akianza kusimulia hana breki. Chiriku alichoka kungoja. Alikuwa amemsikia mama akisikitika kwamba majibu ya mitaa mingine ni mabaya. “Nikimpatia mazuri atafurahi,” aliwaza, akatangulia kwa Mama Pacha.

“Hodi!”

“Karibu, Chiriku. Umeniletea nini?”

“Sabuni. Lakini ni ya wanaochemsha maji. Ukisema mnachemsha, unapata.”

Mama Pacha akacheka. “Kumbe! Basi mimi nachemsha hata ya kuogea.”

Maneno yana miguu. Mama alipofika, mtaa mzima ulikuwa unatokota. “Kwangu mimi, dada, yanachemka mpaka kifuniko kinaruka!” jirani mmoja aliapa. Mama alishangaa, lakini aliandika alichoambiwa.

Kesho yake jioni msimamizi wake alibisha hodi. Alipewa kiti, hakuketi.

“Dada, mlangoni kila mke anakwambia wanachemsha. Kwa simu, waume wa nyumba hizohizo wanasema hawachemshi. Nani mwongo?”

“Niliandika nilichosikia, kaka.”

“Au majibu uliyapika hapahapa jikoni? Dawa inagawiwa asubuhi. Nikipeleka haya, mtaa huu unarukwa. Nikiyatupa, ya simu peke yake hayatoshi, na wewe kazi huna.”

 Mama alianza kuvua kitambulisho shingoni, taratibu.

Nyuma ya pazia, Chiriku alisikia yote. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini kutoka nyumba ya pili, kwa Mama Pacha, kilisikika kilio chembamba cha mtoto aliyeishiwa nguvu. Tangu mchana Mama Pacha alikuwa akifua nepi.

“Ni mimi,” alisema, akatokeza. “Niliwaambia sabuni ni ya wanaochemsha.”

Mama aligeuka akamkodolea macho, kitambulisho mkononi. Msimamizi alitazama nje, jua likishuka.

“Twende sasa hivi,” alisema. “Na wewe, mtoto, ndiye utakayeanza kusema.”

Mama Pacha alifungua akiwa amempakata pacha mmoja, macho ya mtoto yamezama ndani.

“Nilikudanganya, mama,” Chiriku alisema. “Sabuni ni yako hata ukisema hapana.”

Mama Pacha aliwatazama wote watatu, akainamisha kichwa.  Msimamizi akaelewa kwamba mbele yao hataweza kusema. Alimpa simu yake.

“Ingia ndani, ubonyeze mwenyewe. Moja ni ndiyo, mnachemsha; mbili ni hapana. Hatukutazami.”

Walingoja. Mtoto alilia, akanyamaza, na kunyamaza kule kulimtisha Chiriku kuliko kilio. Mwishowe Mama Pacha alitoka, mashavu yamelowa.

“Mkaa wa uji wenyewe naukopa,” alisema. “Wa kuchemshia maji nitautoa wapi? Niliona haya.”

“Haya ya nini, shoga yangu?” mama alimjibu, tayari amemtwaa mtoto. “Vaa viatu, twende zahanati.”

Chiriku na msimamizi waliendelea nyumba kwa nyumba. Kila mlango Chiriku alikiri kosa lake. Wengine walimcheka, fundi viatu alimgombeza, lakini wote waliingia ndani na simu, wakabonyeza.

Asubuhi gari la dawa lilisimama mtaani. Mama alibaki na kazi yake, ila alionywa asimpe tena mtoto kikapu. Pacha naye siku chache baadaye alikuwa akivuta nywele za mwenziwe.

Jioni ya siku ile dawa ilipofika, mama alimwita Chiriku.

“Mwanangu, sabuni ile ilikuwa ya kuushukuru mlango uliofunguka. Wewe uliitumia kununua uongo. Jibu la kupendeza lingewaacha watoto wa watu na maji machafu. Jibu la kweli, hata likiaibisha, ndilo lililoleta dawa. Ukitaka kunifurahisha, niletee kweli.”

 Chiriku alichukua ndoo, akaenda kumsaidia Mama Pacha kutia dawa majini.