Bolti ya 4417

Mtu anayeiba bunduki aliyodhulumiwa bibi yake, aitwe mwizi au mrithi? Swali hilo lilikuwa limemkaba Orrin Stahl tangu alfajiri.

Saa 2:40 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la chambo, mashariki mwa Ohio. Verlin Kessler alichora ramani ya ghala la Lathrop, mkusanyaji wa bunduki za zamani, juu ya boksi la maandazi.

"Lathrop yuko kwenye maonyesho ya bunduki mpaka mchana. King'ora nitakizima. Baada ya dakika kumi na tano kinajiwasha chenyewe. Bunduki za Mausa, za Wajerumani, thelathini na nane. Tunabeba zote."

"Moja ni yangu," alisema Orrin. "Namba 4417."

"Ya babu, ya babu!" Darla Hoopes, dereva wao, alilamba sukari vidoleni. "Kaka, wimbo huo tumeuimba wiki nzima."

"Utaipata," alisema Verlin. "Neno langu."

Babu aliileta kutoka Ujerumani mwaka 1945, pamoja na karatasi ya ruhusa ya kapteni wake yenye namba hiyo. Alipofariki, Lathrop alimwambia bibi, mjane wake, kwamba ni chuma chakavu, akaondoka nayo na karatasi yake kwa bei ya koleo. Orrin, aliyeweza kusoma kila mhuri wa kiwanda na kila tai mdogo aliyechongwa kwenye chuma, hakutaka kingine chochote.

Saa 4:00. Waliingia. Bunduki zilisimama ukutani, zote bila bolti. Ndiyo desturi ya wakusanyaji waangalifu: kile chuma cha kukokea hukaa mbali na bunduki. Orrin alikwenda chumba cha pili, akaipata karatasi ya kapteni kabatini. Aliporudi, alisimama ghafla mlangoni.

Verlin alikuwa amevuta trei ya bolti na alikuwa akizisukumiza ndani ya bunduki, yoyote kwa yoyote.

"Unafanya nini?"

"Nakusaidia, mzee. Zote zimeingia. Laini kabisa."

"Zina namba, Verlin! Kila bolti na bunduki yake. Ukizichanganya umeua nusu ya thamani!"

"Chuma ni chuma."

"Na mke ni mke? Basi kalale kwa jirani!"

Saa 4:05. Orrin aliishika 4417. Bolti iliyokuwa ndani yake ilisomeka 902. Angeweza kulia. Akairudisha ukutani, akaanza kutoka mlangoni kuitafuta bolti yake: kuchomoa, kusoma, kurudisha. 6630. 118. 7254. Jasho liliingia machoni. Nyuma yake Verlin alibeba bunduki nje, mikono ikijaa kila safari, akipiga mluzi.

Saa 4:13. Bunduki ya thelathini na moja. Bolti 4417. Akaitia ndani ya shati, akageuka.

Pale ilipokuwa bunduki yenyewe, ukuta ulikuwa mtupu.

Alimkuta Verlin uani, akiiviringisha 4417 kwa blanketi, hiyo moja tu. Nyingine zilitupwa garini kama kuni.

"Hiyo ni yangu."

"Mnunuzi anaitaka hiyohiyo, na karatasi yake. Hizi nyingine za kujazia gari tu. Lete karatasi."

Orrin alimtazama Darla. Darla aliutazama usukani.

"Ulijua?"

"Panda gari, Orrin. Tafadhali, kaka."

"Mngeniambia."

"Ungekuja?" Verlin alicheka kidogo. "Tulihitaji macho yako, si babu yako."

Saa 4:15. King'ora kililia. Mbwa wa mtaa mzima walijibu. Verlin alipeleka mkono kiunoni, akatoa bastola.

"Karatasi. Na bolti. Sasa hivi!"

Orrin aliketi kwenye ngazi ya ghala. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Bolti siwapi. Karatasi siwapi. Gari sipandi. Nawangoja polisi hapa, na nitawaeleza bunduki hiyo ni ya nani, niliingiaje humu, na niliingia na nani."